Mawe matatu ya shaba yasiyo na lebo: yametoka wapi, na niyasafishe vipi?

Mwana wa Langoni, Lamu
Assalamu alaykum wenzangu. Nina mawe matatu ya shaba yaliyokaa kwenye rafu iliyo wazi inayoelekea bahari, lebo zimepotea. La kwanza ni la kijani, lina vinundu laini, mistari pale lilipovunjika na ukoko mweusi chini. La pili ni fuwele za buluu iliyokoza. La tatu ni shaba tupu yenye matawi, limegandwa na jiwe jeupe, na limeanza kutoa unga wa kijani hafifu. Yametoka wapi? Na yafaa niyasugue kwa ndimu na majivu kama masinia?

Kokoto, Malindi
Waalaykum salaam dada. Ndimu iweke mbali kabisa. La kijani ni malakaiti, la buluu ni azuraiti; zote ni kaboneti za shaba, na asidi ya ndimu au siki huziyeyusha. Mng'aro ndio unaoondoka kwanza, na haurudi. Amonia vilevile. Majivu yana chembe za mchanga zenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha 1 hadi 10, malakaiti ni 3.5 hadi 4 tu, kwa hiyo yatakwaruza.

Hayo mawili yapulizie vumbi, kisha pitisha brashi laini ya rangi kwa maji ya betri (maji safi yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi) baridi yenye tone la sabuni. Suuza, kausha kivulini. Usiloweke, usitie maji moto. Dukani soma chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa karibu na maji yake. Na usipige msasa mkavu: vumbi la malakaiti ni sumu.

Bin Faza
Asili husomwa kwenye kilichoshikana na jiwe, kwa hiyo usiondoe kila kitu. Malakaiti ya vinundu yenye ukoko mweusi wa madini ya kobalti ni sura ya Katanga, Kongo. Azuraiti ni ngumu zaidi: fuwele kubwa zilizogeuka kijani kwa sehemu hufanana na za Tsumeb, Namibia, mgodi uliofungwa 1996, lakini Moroko nayo hutoa nzuri. Shaba ya matawi yenye kalsaiti, yaani jiwe jeupe kama hilo, inaelekea Keweenaw, Michigan, Marekani, hasa ukiona na chembe za fedha. Migodi ya shaba ya Kilembe, Uganda, na Macalder, Migori, siifikirii. Madini makuu ya huko ni ya salfaidi (shaba iliyoungana na salfa), yenye rangi ya manjano.

Hakikisha kwanza la kijani si plastiki. Weka bakuli la maji kwenye mizani, irudishe sifuri, ning'iniza jiwe kwa uzi lizame bila kugusa chini. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba unayoiona.

Kokoto, Malindi
La tatu ndilo lenye haraka. Kutu ya kawaida ya shaba ni ngumu na imeshikamana. Unga unaodondoka na kurudi ni kloridi ya shaba, iletwayo na chumvi ya hewa ya bahari. Ikipata unyevu hutoa asidi, asidi hula shaba, kloridi nyingine huzaliwa. Litenge na mengine. Chokoa unga kwa kijiti cha mbao, loweka shaba hiyo kwenye maji ya betri, ukiyabadilisha kila siku. Chukua maji kidogo, yaongeze tone la asidi ya naitriki kisha la naitreti ya fedha, hivi viombe maabara ya shule: yakitia ukungu mweupe, chumvi bado imo. Yakibaki safi, suuza kwa spiriti na kausha mara moja. Jiki usiguse, inaongeza kloridi. Mwisho, boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, vijifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na kipimo cha unyevu. Ukivuka asilimia 40, kausha silika upya. Kwenye rafu ile ya bahari unga utarudi tu.

Mwana wa Langoni, Lamu
Shukrani. La kijani: gramu 190 kavu, mizani ya maji 50.

Bin Faza
3.8. Malakaiti halisi, plastiki ya kawaida haifiki 2. Kwenye lebo mpya andika "Katanga, kwa kukisia", na tarehe ya leo.