Mama kaapa uraia wa Uingereza, mtoto aliyezaliwa London hana pasi yoyote. Aombe kwa njia ipi?

TangaMjini:
Wakuu salaam. Natafuta mwongozo wa wanaojua sheria za uraia za pande zote mbili, Tanzania na Uingereza.

Mtoto kazaliwa London Februari 2020. Siku hiyo mama, mzaliwa wa Tanga, alikuwa na pasi ya Tanzania na viza ya muda. Cheti cha mtoto hakina jina la baba. Mama kapata ukaazi wa kudumu 2022, kaapa uraia 2024. Mtoto hakuwahi kukatiwa pasi ya Tanzania, na walipoulizia wakajibiwa mama si raia tena. Ya Uingereza nayo haitoki, maana alipozaliwa mama hakuwa na ukaazi.

Kuna mtu kawaambia wajaze fomu S3, ile ya watoto wasio na uraia wa nchi yoyote. Ni sahihi? Na wanataka kwenda Tanga Desemba.

Kalamu_Nyeusi:
S3 waiweke pembeni, itawapotezea muda na pesa.

Sharti la S3 ni kwamba mtoto hana uraia *na hajawahi kuwa nao tangu azaliwe*. Huyu anao. Sheria ya Uraia ya Tanzania, Sura 357, kifungu cha 6, inatazama siku ya kuzaliwa: mama alikuwa raia wa kuzaliwa, basi mtoto akawa raia wa kurithi siku ileile, bila kuomba kwa mtu. Baadaye mama alipochukua uraia mwingine alipoteza wake yeye. Anayepoteza kwa njia hiyo ni aliyetimiza miaka 18 na akachukua uraia mwingine kwa hiari yake; mtoto wa miaka minne hakuapa popote. Aliyewajibu dirishani amechanganya hali ya mama ya leo na hali yake ya 2020. Kukosa pasi hakumfanyi mtu akose uraia.

Tena angalieni mtego uliopo: hata kama sheria ya nchi fulani ingemvua mtoto uraia kwa sababu ya kiapo cha mzazi, bado S3 isingemfaa, kwa sababu aliwahi kuwa nao.

Njia yake ni kifungu cha 1(3) cha sheria ya uraia ya Uingereza ya 1981, fomu MN1. Aliyezaliwa Uingereza, na akiwa bado mtoto mzazi mmoja akapata ukaazi wa kudumu au uraia, ana haki ya kuandikishwa. Nasema haki, si hisani. Tangu 2022 alikuwa anastahili, hawakuwa na haja ya kusubiri kiapo cha mama. Sharti ombi liingie kabla hajafika 18, na heri kabla ya 10, kwa sababu kuanzia umri huo wanapima pia tabia njema.

Vinavyotakiwa:
- Cheti kirefu cha kuzaliwa, chenye jina la mama. Kile kifupi chenye jina la mtoto tu hakisaidii. Kirefu kinaagizwa kwa msajili.
- Uthibitisho wa ukaazi wa mama pamoja na cheti chake cha tajnisi (uraia wa kuomba).
- Pasi ya mama iliyokuwa hai 2020, au nakala yake.
- Wadhamini wawili. Mmoja awe mtu anayemjua mtoto kwa kazi yake, kama mwalimu au muuguzi. Wa pili awe na pasi ya Uingereza, na awe mwanataaluma au amevuka miaka 25. Ndugu hawakubaliki.

Ada ilikuwa pauni 1,214 mwaka 2024, waangalie kiwango cha sasa kabla ya kulipa. Asiyemudu anaweza kuomba msamaha wa ada, uliofunguliwa kwa watoto Juni 2022. Unaombwa *kwanza*, MN1 inatumwa baada ya jibu. Ukilipa ukidhani utaomba msamaha baadaye, umeshachelewa.

Nahodha77:
Naongeza mambo mawili yanayoangusha watu.

Tarehe ya ukaazi isomwe kwenye barua ya uamuzi. Kadi za ukaazi, zilizoacha kutolewa 2024, zilikuwa zikichapwa baadaye. Ikitokea barua imetangulia kuzaliwa kwa mtoto hata kwa siku moja, huyo ni Mwingereza tangu kuzaliwa na anaombewa pasi moja kwa moja, hana habari na MN1.

La pili halimhusu mtoto huyu, ila ni kwa watakaopita hapa wakitegemea uraia wa baba. Kama mama alikuwa na ndoa halali na mwanamume mwingine siku ya kuzaliwa, sheria ya uraia inamhesabu yule mume kuwa ndiye baba, hata mkileta DNA. Talaka ya maneno ambayo haijasajiliwa popote inaleta utata mkubwa hapa. Hapo haki ya 1(3) kupitia baba mzazi inakwama, ila tangu Juni 2022 mtoto wa namna hiyo ana haki ya kuandikishwa kwa kifungu cha 4F.

TangaMjini:
Shukrani sana wakuu. Kuna kesi nyingine inayofanana: mama kazaliwa Muscat kwa wazazi Watanzania, pasi yake ni ya Tanzania. Kajifungua Birmingham 2021, baba hajulikani, mama bado yuko kwenye viza. Huyu naye ni raia wa kurithi?

Kalamu_Nyeusi:
Hapana, na huyu ndiye hana uraia kweli. Uraia wa kurithi wa Tanzania haushuki mara mbili nje ya nchi. Mama mwenyewe ni wa kurithi, kwa hiyo mtoto wake aliyezaliwa nje hapati kwa kifungu cha 6. Oman haimo, maana kuzaliwa Muscat hakukumpa mama uraia wake.

Hapo S3 inaingia. Awe amezaliwa Uingereza, hajafika miaka 22, ameishi huko miaka 5 iliyotangulia ombi, na siku alizokuwa nje zisizidi 450 kwa jumla.

Kwa wenye miaka 5 hadi 17 kuna sharti liliongezwa 2022. Chanzo ni hukumu ya 2017 ya mtoto wa wazazi wa Kihindi ambaye hakuandikishwa India: mahakama ilisema hana uraia hata kama wazazi wangeweza kumwandikisha. Serikali ikabana. Sasa mtoto anakataliwa ikiwa tangu kuzaliwa ana haki ya kupata uraia wa mzazi wake na ni busara kutarajia aufuate. Wakimwambia aombe tajnisi Tanzania kwa kifungu cha 10, jibu liwe la maandishi: kifungu hicho kinampa Waziri hiari ya kukubali au kukataa, hakimpi mtoto haki. Ambatanisheni nakala ya vifungu vya 6 na 10, na cheti cha mama cha kuzaliwa Muscat. Hicho ndicho kinachobeba hoja yote.

Mama akipata ukaazi kabla ya hapo, waachane na S3 watumie MN1. Hakuna cha kuthibitisha kuhusu kukosa uraia.

Nahodha77:
Kuhusu Desemba: wasikate tiketi. Mtoto aliyezaliwa Uingereza havunji sheria kwa kukaa bila kibali, lakini akitoka atahitaji viza ya kurudi. MN1 inaweza kufika miezi 6, kisha ndipo pasi iombwe kwa kutumia cheti cha kuandikishwa. Wakiomba pasi kabla ya cheti itakataliwa.

Na pasi ya zamani ya mama ya Tanzania, kama bado iko mkononi, wapige nakala ya kurasa zote kabla haijarudishwa. Mtoto anaweza kubaki na uraia wote wawili mpaka 18, baada ya hapo Tanzania itamtaka achague mmoja. Siku akitaka kuchagua Tanzania, nakala hiyo na cheti cha mama cha kuzaliwa ndivyo vitaonyesha mama alikuwa nani Februari 2020.