Wachoraji wa mandhari wanaosafiri wanakulaje?

Swali: Wakuu, nachora milima na mito, nataka niache kazi nizunguke tu na rangi zangu. Hivi wale wa zamani walikuwa wanaishije, maana picha moja kubwa ni miezi?

Jibu: Mkuu wengi hawakumalizia huko huko porini. Thomas Moran 1871 alienda Yellowstone na msafara wa serikali ya Marekani, akachora vipicha vya rangi za maji, akarudi nyumbani ndo akachora picha kubwa, 1872 Bunge lao likainunua dola 10,000. Frederic Church yeye 1859 aliionyesha picha yake ya milima ya Andes (Amerika Kusini) huko New York, watu wanalipa senti 25 kuingia.

Jibu: Usimsahau Marianne North, mchoraji Mwingereza, picha zake zaidi ya 800 ziko Kew, bustani ya mimea ya London, ila yule alikuwa na pesa ya urithi bana, msijifananishe.

Jibu: Mi nakwambia usibebe picha za rangi ya mafuta ambazo hazijakauka kwenye begi, nililaza mbili uso kwa uso, kufungua nakuta wingu limehamia mtoni. Rangi za maji zinakauka fasta.

Muulizaji: 😂 Haya, kazi siachi kwanza, naanza na likizo.