Kliniki za waya za meno mnaofunga watu bila hata kupiga eksirei, mnatuharibia ndugu zetu!!

Wakuu habari za jioni, nimekuja na hasira leo mnivumilie.

Dada yangu ana miaka 40 na kitu, hajawahi kuwa na mwanya maisha yake yote. Mwaka juzi meno ya mbele juu yakaanza kuachana yenyewe na akipiga mswaki anatema damu. Sasa mtu kupata mwanya ukubwani sio urembo jamani, mara nyingi ni ugonjwa wa fizi umeshakula mfupa unaoshika meno ndo maana yanahama. Kliniki moja hapa Dar (jina naliacha, modi asije kunifungia uzi) wakamwambia hiyo ndogo tu dada, tunavuta na waya inafunga. Hakuna eksirei, hakuna kutoa ugaga, hakuna aliyepima fizi. Siku hiyohiyo hela imelipwa, waya zimefungwa, kapiga selfi karudi home.

Mwanya kweli ukafunga. Halafu meno yakaanza kucheza, kila akilalamika anaambiwa kawaida, waya zinalegeza. Kulegea kidogo kweli ni kawaida maana upande jino linakosukumwa mfupa unaliwa na upande linakotoka unajengwa mwingine, ndo maana wanaojua kazi wanavuta taratibu, kama milimita 1 kwa mwezi. Lakini hiyo ni kwa fizi nzima! Fizi ikiwa imevimba ina usaha mfupa unaliwa tu, wa kujazia hauji, na wao wanazidi kukaza. Usaha nao ni kawaida ya waya??

Tukampeleka hospitali nyingine, daktari akachukua kile kijichuma chembamba chenye alama akakichomeka pembeni ya jino. Kwenye fizi nzima kinaishia milimita 3 hivi. Kwake kilizama mpaka 7, nimesimama pale nakiona kinavyopotelea ndani. Eksirei ndo usiseme, lile jino la mbele mfupa umebaki umeshika kama nusu ya mzizi.

Na kinachoniuma, huyo daktari anasema umri haukuwa tatizo, waya angevaa vizuri tu, ila wangetibu fizi kwanza, wasubiri itulie, ndo wavute kwa nguvu ndogo huku anasafishwa mara kwa mara. Basi! Ila kusafisha hakuna hela ndefu kama waya eti.

Nimeenda kule kliniki ya waya kuomba faili lake, mara sistimu iko chini, mara meneja kasafiri, mwisho wananipa ofa ya jino la bandia nusu bei. Nusu bei!! Mtu kakung'olea mlango halafu anakuuzia pazia.

Aliyewahi kupeleka malalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika naomba anielekeze wanataka karatasi gani. Risiti ninazo, meseji zao za WhatsApp ninazo, eksirei mpya ninayo. Na nyie wa "mngegugo kwanza" piteni kule, leo siko vizuri.