Mjadala: Jumuiya ya Afrika Mashariki ichangie maboya ya Bahari ya Hindi, au fedha hizo zibaki nchi kavu?

Kijana wa Sakina (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nina jambo ambalo hapa Arusha halizungumzwi, wakati mlango wa kugonga uko hapa hapa mjini, makao makuu ya Jumuiya.

Katika Bahari ya Hindi kuna mtandao wa maboya uitwao RAMA. Ulianza kujengwa mwaka 2004, mpango ukiwa maboya 46 katika ukanda wa tropiki, ili kuzielewa na kuzitabiri monsuni za Afrika, Asia na Australia. Kaskazi na kusi zetu zimo humo. Boya linapima upepo, joto la hewa, unyevu, mvua na mwanga wa jua. Chini yake kuna waya wenye vipimo vya joto na chumvi, kina kinafika mita 500, na huko sakafuni nanga yake ni magurudumu chakavu ya treni. Taarifa zinapanda kwenye setilaiti kila siku.

Kwa nini zituhusu? Vuli. Bahari ya upande wetu ikipata joto kuliko kawaida huku ya upande wa Indonesia ikipoa, mvua za Oktoba hadi Desemba hufurika, kama 1997 na 2019. Hali ikigeuka, tunakauka. Hiyo ndiyo Dipoli ya Bahari ya Hindi, na wanasayansi waliieleza rasmi mwaka 1999 tu.

Mtandao huo unabebwa na wengine: Marekani inatoa vifaa vingi, India muda wa meli, Japan, Indonesia na China nazo zimeshiriki. Mwaka 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza kuifuta ofisi ya utafiti ya NOAA, idara yao ya bahari na hali ya hewa, katika bajeti ya 2026, na maabara inayohudumia maboya haya iko chini ya ofisi hiyo. Hoja yangu: Jumuiya iwe na fungu la kudumu la maboya ya magharibi ya bahari hii. Tuandike barua kwa Bunge la Afrika Mashariki.

Karani wa Bajeti
Jumuiya ipi mkuu? Hii ambayo kila mwaka inahangaika na nchi zisizolipa michango yao? Watumishi wenyewe wanasubiri, wewe unataka ikodi meli.

Mkulima wa Uchira
Kijana, umeandika vizuri, ila umeongelea vuli tu. Huku tambarare ya Moshi mahindi yetu ni ya masika. Watabiri wenyewe wanakiri kwamba vuli inatabirika kuliko masika, dipoli hiyo haina nguvu kubwa mwezi Machi. Mwaka 2019 masika ilichelewa, kimbunga Idai kikawa kinavuta unyevu kwenda kusini. Tulipanda, tukarudia kupanda. Boya lingenisaidia nini?

Mama Pembejeo, Mbuyuni
Mimi nauza mbegu. Utabiri ukitoka "wastani hadi juu ya wastani", wateja wananiuliza: Mama, nichukue mbegu ya muda mfupi au ya muda mrefu? Nawajibu nini? Wastani wa wapi, wa Same au wa Marangu? Kutoka Same hadi Marangu ni mwendo wa saa chache tu lakini mvua zake ni dunia mbili. Kabla ya kupima bahari, wekeni vipima mvua kwenye shule zetu na mtu wa kuvisoma.

Mtu wa Setilaiti
Na setilaiti zipo. Zinaona joto la bahari yote bila nanga wala meli. Zipo pia boya za Argo zisizo na nanga, karibu 4,000 duniani, zinazozama hadi mita 2,000 na kuibuka kila siku kumi. Maboya ya nanga ni teknolojia ya wazee.

Fundi wa Njiro
Mtu wa Setilaiti, hapo siungi mkono hata kidogo. Setilaiti inaona uso tu. Ni kupima homa ya mtu kwa kugusa shati lake. Joto linaloamua msimu limejificha chini, makumi ya mita. Tazama eneo kati ya Ushelisheli na Chagos: maji baridi yako karibu sana na uso, upepo ukibadilika kidogo tu uso wa bahari unapoa au unapashwa, na mvua inafuata. Argo inafika hapo, sawa, lakini inapita mara moja kwa siku kumi na haipimi upepo. Boya linakaa pale pale usiku na mchana, linapima hewa na maji kwa pamoja.

Somo la Pasifiki tulikumbuke. El Niño ya 1982/83 haikutabiriwa, na haikutambuliwa hadi ilipokaribia kilele. Ndipo wakajenga mtandao wa TAO, maboya kama 70, ukakamilika 1994. Mwaka 2012 meli iliyouhudumia ikaondolewa kazini kwa sababu ya fedha, na kufikia 2014 taarifa zilishuka hadi karibu asilimia 40. Waliokata hawakukata boya hata moja. Walikata meli.

Mzee wa Uchira, shikamoo. Kuhusu masika una haki nusu. Inayumbishwa zaidi na wimbi la Madden-Julian, kundi la mawingu linalotoka Bahari ya Hindi kwenda mashariki na kujirudia kila siku 30 hadi 60 hivi. Mwaka 2011 watafiti walikwenda kulichunguza lilipozaliwa, kwa meli, rada na maboya haya haya. Huwezi kuniambia masika ni ngumu kisha ukaniondolea vipimo vya pale inapoanzia.

Karani wa Bajeti
Vizuri, ila mmenyamaza kuhusu upande wa magharibi. Ndio ulichelewa kuliko wote, maharamia wa Somalia walizifukuza meli za utafiti. Na samaki hukusanyika chini ya boya, hivyo meli za jodari huja kujifunga hapo, vipimo vinavunjwa au kuibwa. Tutatoa fedha za walipa kodi wa Kampala na Kigali, wasio na pwani, zikaliwe na wavuvi wa mbali?

Kijana wa Sakina
Kampala na Kigali nao wanasubiri mvua za Oktoba, na mawingu hayaulizi pasipoti. Uharibifu upo, ndiyo maana silazimishi tununue maboya. Katika RAMA India ilitoa meli, Marekani ikatoa vifaa. Sisi tuombe kitu cha namna hiyo: siku za meli kila mwaka, bandari ya kuhudumia Mombasa au Dar es Salaam, na mafundi vijana wapande safari hizo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo Zanzibar, watu wa kuanzia wapo. Mama Pembejeo, vipima mvua vya shule naviandika kwenye barua hiyo hiyo.

Mama Pembejeo, Mbuyuni
Viandike mwanzo, siyo mwisho. Vya mwisho ndivyo vinavyokatwa.

Mkulima wa Uchira
Marahaba Fundi. Mimi nitasaini kwa sharti: barua iseme utabiri wa masika utoke na tarehe ya mvua kuanza kwa kila wilaya, siyo kwa kanda, na kila mwaka watangaze walipatia wapi na walikosea wapi. Bila kipengele hicho, watu wa Uchira hatumo.