Tupeane uzoefu: Tovuti inafunguka vizuri, ukiendesha majaribio unaambiwa maktaba haipo

Wakuu, tulioshughulika na majaribio ya kodi (code) za wavuti tukutane hapa. Kwenye kivinjari kila ukurasa unafunguka, ila majaribio yote mekundu (yameshindwa): "Could not load file or assembly", yaani maktaba (kodi iliyoandikwa tayari ambayo programu inaitegemea) haikupakiwa.

Naanza na langu, ASP.NET MVC kwenye .NET Framework. Maktaba iliyolalamikiwa ilikuwa Newtonsoft.Json, na faili lake lilikuwemo kabisa kwenye folda ya bin (zinakowekwa faili zilizojengwa). Ujumbe ule usomwe mpaka mwisho. Ukikuta "manifest definition does not match", faili limepatikana, toleo ndilo linalopishana. Tovuti ilikuwa na bindingRedirect (mpangilio unaoielekeza programu itumie toleo jingine la maktaba) ndani ya Web.config, lakini projekti ya majaribio haisomi faili hilo, inasoma App.config yake. Nikaihamishia huko, majaribio yakapita.

#2
Mkuu, kwangu DLL yenyewe (faili la maktaba) haikuwepo. Tovuti ilikuwa inaiita kwa jina lililoandikwa kwenye mipangilio, hakuna mstari wa kodi unaoitaja. Katika hali hiyo MSBuild (programu inayojenga projekti za .NET) haioni sababu ya kuinakili kwenye folda ya majaribio. Niliongeza rejea moja kwa moja kwenye projekti ya majaribio. Kabla ya yote, fungua bin ya majaribio uangalie kwa macho, sio bin ya tovuti.

#3
Sisi wa Django (Python) tunakutana na ModuleNotFoundError wakati pip, kisakinishi cha maktaba, inasema imeshasakinisha. Andika `which pytest`. Mara nyingi ni pytest (chombo cha kuendesha majaribio) ya mfumo mzima inayojibu, si ya venv yako (mazingira ya Python ya mradi wako peke yake). Siku hizi naendesha `python -m pytest` tu: inatumia Python ileile ya venv, na inaongeza folda uliyopo kwenye njia ya kutafutia moduli.

#4
Watu wa Java, msichanganye ClassNotFoundException na NoClassDefFoundError. Hii ya pili ikija na maneno "Could not initialize class", JAR (faili la maktaba ya Java) inaweza kuwa ipo salama. Klasi ilianguka ilipokuwa inaandaliwa mara ya kwanza, labda inatafuta faili la mipangilio ambalo seva inalo na majaribio hayana. Rudi juu kwenye logi (kumbukumbu za programu) mpaka kwenye ExceptionInInitializerError ya kwanza, chanzo kimeandikwa pale. Nimeona timu ikibadilisha matoleo kwenye pom.xml (faili linaloorodhesha maktaba za mradi) mchana kutwa wakati JAR haikuwa na kosa lolote. Inauma.

#5
Node (JavaScript ya upande wa seva): majaribio kwenye Windows yanapita, kwenye seva ya Linux "Cannot find module". Faili ni `userService.js`, kodi inaita `UserService`. Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Badilisha jina kwa `git mv`, vinginevyo Git ya Windows inaweza isione mabadiliko.

#1
#4 asante sana, hiyo ya kurudi juu kwenye logi inafaa hata huku .NET: TypeInitializationException, ukifungua InnerException unakikuta chanzo. Wa PHP bado hamjafika, karibuni.