Ushauri: Nataka kukhu (nyanya yangu) anifundishe kufinyanga, lakini nyungu zangu zinapasuka

Mjukuu wa Ilesi (mwenye uzi)

Habari zenu. Mimi ni kijana wa kiume, nakaa Nakuru, kazi yangu ni ya zamu. Kukhu yangu aliyemzaa baba yuko Ilesi, pale barabara ya Kakamega–Kisumu ambako nyungu hupangwa kando ya lami. Amefinyanga tangu kabla baba hajazaliwa. Masenje (shangazi) wangu wote waliolewa mbali na hakuna aliyeishika hiyo kazi. Mimi naitaka.

Shida ni kwamba hafundishi. Nakaa kando yake, anaviringa udongo kuwa kamba, anazipandisha mzunguko juu ya mzunguko, anakwangua kwa kipande cha kibuyu, mara mdomo huo umetokea. Nikishika mimi, ukuta unalegea na kulala. Ananinyang'anya, anamalizia yeye, kisha ananirudishia eti hiyo ni yangu. Nikiuliza maji kiasi gani, mchanga kiasi gani, jibu ni moja: "Angalia." Nimeangalia mpaka shingo inauma.

Zile chache zinazosimama zinapasuka kitako zikikauka. Moja ilifika motoni ikalipuka, ikavunja na za kukhu zilizokuwa karibu. Hakunigombeza, ila tangu siku hiyo kazi yangu ni kuchota maji na kuponda udongo.

Baba mdogo naye anasema hii ni kazi ya wanawake, tena siku hizi watu wana gesi na sufuria, nyungu ya kitako cha mviringo utaiweka wapi? Sasa nishaurini. Nimwombe anipangie masomo? Nimrekodi kwa simu? Au nitafute darasa mjini kwanza, nirudi kwake nikiwa najua?

Fundi Bomba

Pole kaka. Ila kwa kuchota maji ushaajiriwa tayari, kilichobaki ni mshahara 😂

Nyar Nyakach

Wacha nianze na hiyo mipasuko maana naijua. Mama mkwe wangu alikuwa mfinyanzi huku kwetu. Mdomo wa nyungu unapigwa na upepo ndani na nje, kwa hivyo unakauka na kunywea mapema. Kitako ni kinene na kimekalia ardhi, bado kina maji. Huku kunanywea, huku hakujanywea, lazima mahali paachie. Funika mdomo kwa kitambaa chenye unyevu au jani la ndizi. Mdomo ukishakauka kiasi cha kubeba uzito, igeuze nyungu kichwa chini, kitako nacho kipate hewa. Yote hayo ndani ya nyumba, mbali na mlango. Jua ni la baadaye kabisa.

Halafu tazama pale kitako kinapokutana na kamba ya kwanza. Wanafunzi hulainisha nje ikapendeza, wakasahau ndani. Bonyeza pande zote mbili mpaka usione mshono.

Ile iliyolipuka ilikuwa na maji bado, hata kama kwa macho ilikuwa kavu. Kabla ya kuchoma, mama mkwe alikuwa akiweka kila nyungu shavuni. Ukisikia baridi, hiyo haijawa tayari, irudishe ndani. Na zile zilizopita mtihani alizipasha kwanza kwa moto mdogo.

Mwalimu wa Sanaa

Naongezea kwa Nyar Nyakach. Maji yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke ulionaswa ndani ya ukuta mnene hauna subira. Ndiyo maana wafinyanzi huchanganya mchanga au vigae vya nyungu zilizovunjika, vikishasagwa. Vinapunguza kunywea na kuuachia mvuke njia. Nyungu itakayopasuka baada ya kuchomwa usiitupe, isage.

Kuhusu simu: rekodi mikono, tena kutoka upande wake, si kutoka mbele. Usimwulize kitu akiwa kazini. Jioni mwonyeshe video, umwulize, "Hapa ulifanya nini?" Mzee akijiona anafanya, ataongea mpaka chai ipoe.

Hesabu Kwanza

Nitasema lisilopendeza. Wapita njia wananunua vyungu vya maua. Na jiko la Upesi, lile la kigae kimoja (gamba la udongo uliochomwa) linalojengewa jikoni, vikundi vya wanawake wa magharibi wanalitengeneza tangu miaka ya 1990. Soko liko huko. Na huyo baba mdogo mwambie kuna wanaume wengi wanaofinyanga vigae vya majiko na hakuna anayewacheka, kwa sababu wanarudi nyumbani na pesa. Anza na chungu cha maua, kitako bapa, kazi rahisi.

Mama Watatu

Hesabu Kwanza, kwa soko nakubali, kwa kitako nakataa. Kitako bapa kina kona, na kona ndiyo hupasuka. Cha mviringo kinakaa vizuri juu ya mafiga na moto unakizunguka wote. Mrenda uliotiwa munyu (chumvi ya kienyeji ya majivu) ukaivia humo, hiyo sufuria yako utaionea haya.

Sasa wewe mjukuu. Mwanangu, kukhu hajakuadhibu. Mimi kwa mama yangu nilianzia hapo hapo kwenye kuponda. Unaanika mabonge, unaponda, unachambua kwa vidole, maana kokoto moja tu inatosha kuiharibu nyungu. Unaloweka, unakanyaga kwa miguu. Halafu unachukua kidogo, unaviringa, unakizungusha kwenye kidole. Kikipasuka, rudi kukanyaga. Kikinata mikononi, acha kinyonye hewa. Unauliza maji kiasi gani, na yeye hana kikombe cha kupimia, kwa sababu udongo wa juu ya shimo si sawa na wa chini. Darasa la mjini watakupa udongo uliokwisha kuandaliwa, utajua kuumba na bado hutaujua huo wa Ilesi.

Jambo lingine ambalo hamjamwambia. Kila nyungu uliyoharibu, udongo wake aliuponda yeye, na miguu ya umri ule haikanyagi kutwa tena. Nunua udongo wako kwa mwenye shamba, uuponde wewe, umpelekee ukiwa tayari, wake na wako. Hapo hata ukiangusha ukuta, hasara ni yako, na yeye hatakuwa na haraka ya kukunyang'anya.

Mjukuu wa Ilesi

Asanteni sana. Mama Watatu, hilo la udongo sikulifikiria kabisa, nilidhani ananitoa njiani. Nina likizo Januari. Je, ni wakati mzuri?

Nyar Nyakach

Mzuri. Ni kiangazi, nyasi na kuni ni kavu. Mvua ya Machi ikianza mtakaa na nyungu ndani zisikauke.

Mama Watatu

Januari sawa kwa kuchoma, ila usingoje Januari kuponda. Ukipata mapumziko ya zamu, nenda uponde, ukanyage, ufunike kwa gunia lililoloa na majani ya ndizi, uukabidhi kwake awe anaunyunyizia. Udongo uliolala unalainika kuliko wa jana. Na mbebee sukari.