Waifai ya jirani haina paswadi, nikiitumia ni wizi?

Jamani mie niko Kibokoni, bando ikikata usiku simu yashika waifai ya jirani wa juu, iko wazi kabisa, nami navuta muvi zangu polepole. Mke wangu asema ni wizi. Kweli?

— Yakhe, mlango wazi si karibu! Yeye alipa kila mwezi, wewe wavuta, muvi yake yaganda.

— Kifungu cha 14 cha ile sheria ya Kenya ya uhalifu wa mitandao ya 2018 chataja kuvunja ulinzi, faini hadi milioni 5 ama miaka 3 jela, sasa hapo hakuna paswadi ya kuvunja, mawakili watabishana mpaka alfajiri. Ila si ungemuuliza tu?

— Nimepanda kumuuliza, kacheka, ati ajua kitambo. Ataka mia mbili kwa mwezi 😂